Juu ya Kudai Fedha Zetu kwa Mtoza Kodi

(Maneno yaliyosomwa na karani wa Chama mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, Kisumu)



Halmashauri ya Chama ilinitaka niseme juu ya shauri lililozuka katika mkutano uliopita, nalo ni hili: je, yafaa Chama kitoe fedha katika akiba yake ili kuwasaidia wanachama kuishitaki Mamlaka ya Mapato ya Kenya kwa sababu ya marejesho ya kodi yanayocheleweshwa? Mnakumbuka kwamba siku ile maneno yalikuwa makali. Mzee mmoja alisema kwamba tangu azaliwe hajamwona mtu aliyemshitaki mtoza kodi kisha akalala usingizi. Kijana mmoja akamjibu kwamba yeye halali hata sasa, kwa kuwa benki inamdai. Ndipo Bwana Mwenyekiti alipofunga mazungumzo na kuamuru karani alisome jambo hili na kulileta leo.

Mimi si wakili. Ni karani wa hesabu. Niliyoyapata nimeyasoma katika sheria zenyewe zilizopigwa chapa, na mengine nimejifunza kwa kosa langu mwenyewe, ambalo sitawaficha.

Yatupasa kwanza tujue ni nani mwenye haki ya kudai, maana siku ile niliona mikono mingi ikiinuliwa, na nadhani nusu yake ilikuwa ya watu wasio na dai lolote. Kodi tunayoizungumza ni Kodi ya Ongezeko la Thamani, ambayo kila mwenye duka huiita VAT. Ilianza kutozwa nchini tarehe 1 Januari 1990, ikachukua mahali pa kodi ya mauzo iliyokuwapo tangu 1973. Na sheria inayotumika sasa ni ya mwaka 2013. Mfanyabiashara aliyeandikishwa si mlipaji wa kodi hii, bali ni mchukuzi wake. Auzapo kitu hutoza shilingi 16 juu ya kila shilingi 100. Anunuapo bidhaa za kazi yake, naye hutozwa vivyo hivyo. Mwisho wa mwezi hutoa alichotozwa katika alichotoza, na kinachobaki hukipeleka Serikalini. Ikiwa alichotozwa kimezidi, ziada hiyo huandikwa kwa faida yake na kuvukishwa mwezi unaofuata. Watu wengi hudhani kwamba ziada yoyote ni fedha za kurudishiwa mkononi. Sivyo. Sheria imewafungulia mlango wa fedha taslimu hasa watu wa namna mbili.

Namna ya kwanza ni wale wanaouza kwa kiwango cha sufuri, na wakubwa kati yao ni wauzaji wa bidhaa nchi za nje. Hapa kwetu mfano u karibu na pua zetu. Mtu asindikaye minofu ya mbuta na kuipeleka Ulaya hatozi kodi kwa mnunuzi wake wa kule. Kiwango chake ni sufuri. Lakini masanduku ameyanunua kwa kodi, na mitambo ya baridi imetengenezwa kwa kodi. Tuseme kila mwezi hununua vitu vya namna hiyo kwa shilingi 1,000,000. Basi kila mwezi ametoa kodi ya shilingi 160,000, na hana mnunuzi wa kumtoza ili ajirudishie. Baada ya miezi kumi na miwili ana shilingi 1,920,000 zilizoko kwa mtoza kodi. Hizo si faida yake wala si zawadi aombayo. Ni mtaji uliotoka mfukoni mwake.

Namna ya pili ni wakandarasi na watu wauzao vitu kwa idara za Serikali, serikali za kaunti, na makampuni makubwa yaliyoteuliwa kuwa mawakala wa kukata kodi. Mawakala hao hawamlipi muuzaji kodi yote iliyo katika ankara yake. Huzuia sehemu na kuipeleka wenyewe kwa Kamishna. Hadi mwaka 2019 sehemu hiyo ilikuwa asilimia 6 ya thamani ya mauzo, kisha ikashushwa kuwa 2. Mtu ambaye faida yake ni nyembamba huweza kuona kwamba kilichozuiwa kimezidi kodi aliyotakiwa kulipa, na ziada ya namna hiyo sheria inamruhusu kuidai.

Sasa nawageukia ndugu zetu na mama zetu wauzao samaki wabichi pale Dunga na katika soko la Jubilee. Samaki wabichi wauzwao humu nchini wamesamehewa kodi. Neno kusamehewa ni tamu masikioni, bali katika hesabu lina uchungu wake, kwa sababu aliyesamehewa hawezi kudai kodi aliyotozwa aliponunua sanduku la barafu au mizani. Sufuri na msamaha vyafanana machoni pa mnunuzi, kwa maana hatozwi kitu katika hali zote mbili; machoni pa sheria ni mbali kama Kisumu na Mombasa. Tena mtu ambaye mauzo yake yaliyo chini ya kodi hii hayafiki shilingi milioni 5 kwa mwaka, kiwango kilichowekwa na sheria ya 2013, halazimiki kuandikishwa, na asiyeandikishwa hana cha kurudishiwa. Nasema haya mapema ili mtu asichange shilingi zake kwa ajili ya kesi isiyo yake.

Kuhusu madhara ya kuchelewa sitasema mengi, kwa kuwa wenye kuumia wamo humu ndani. Yuko mwanachama wetu aliyekuwa na wafanyakazi tisa, naye aliniruhusu niseme habari zake bila jina lake. Alikopa benki ili alipe mishahara huku fedha zake mwenyewe zikiwa Serikalini. Benki ilimtoza riba kila mwezi. Leo ana wafanyakazi wawili, na mmoja wao ni mwanawe. Niliposoma vitabu vyake sikuona ulevi wala anasa. Niliona ziada ya kodi tu, ikikua ukurasa kwa ukurasa kama magugu ya ziwani.

Wazee waliuliza kama kumshitaki mtoza kodi si utovu wa adabu. Hapo naomba tukumbuke habari za nchi yetu hii. Reli ilifika hapa mwaka 1901, na kodi ya nyumba haikukawia kufuata. Kufikia 1921 kodi ya kichwa ilikuwa imepandishwa hata shilingi 16. Mwezi wa Desemba mwaka ule watu walikutana Lundha, katika Gem, wakaunda kile kilichoitwa Young Kavirondo Association, na wenyewe wakakiita Piny Owacho, yaani nchi imesema. Mwenyekiti wao alikuwa mwalimu, Jonathan Okwiri. Hawakuchoma ofisi ya mtu. Waliandika madai yao, na mwaka 1922 Gavana Northey mwenyewe akaja kuwasikiliza huko Nyahera. Mwaka ule ule kodi ikashushwa, ikawa shilingi 12. Mwaka 1923, kwa uongozi wa Kasisi Owen wa misheni, ambaye cheo chake kilikuwa Archdeacon, chama hicho kikageuzwa kuwa Kavirondo Taxpayers' Welfare Association. Jina lenyewe mlisikie vizuri: chama cha ustawi wa walipa kodi. Wanachama wake waliahidi pia kuchimba vyoo na kuua panya, na wako waliowacheka kwa sababu hiyo. Lakini barua zao kwa Serikali hazikukoma. Basi, wazee wangu, kudai kwa maandishi mbele ya mwenye mamlaka si ugeni hapa. Ni desturi tuliyorithi kwa baba zetu, nao walidai katika siku ambazo hawakuwa na kura wala mwakilishi wa kabila lao Barazani.

Sisi tunayo zaidi yao. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 47, yampa kila mtu haki ya kutendewa na ofisi za Serikali kwa haraka ifaayo, kwa kufuata sheria na kwa haki. Nayo Sheria ya Taratibu za Kodi ya mwaka 2015 ilimtaka Kamishna amjibu mwombaji wa marejesho ndani ya siku 90. Baadaye Bunge liliongeza kwamba ombi lisilojibiwa ndani ya muda lihesabiwe kuwa limekubaliwa. Hesabu ya siku zenyewe, na pia miezi ambayo mtu amepewa ya kupeleka ombi lake, Bunge limezigusa zaidi ya mara moja katika sheria za fedha za kila mwaka. Kwa hiyo mtu asitegemee karatasi aliyopewa miaka mitatu iliyopita.

Sasa nafika mahali ambapo nawaomba mnisikilize kwa makini, kwa sababu hapa ndipo watu wengi walipopoteza fedha za mawakili. Kuna tofauti kubwa kati ya mtoza kodi aliyekataa na mtoza kodi aliyenyamaza.

Akikataa, ama akikubali nusu na kukataa nusu, huo ni uamuzi, na sheria imekuchorea njia. Unazo siku 30 za kuandika pingamizi kwa Kamishna mwenyewe, ukieleza sababu na kuambatanisha hati. Sheria ya 2015 ilimpa Kamishna siku 60 za kuliamua pingamizi hilo, na akipitisha siku hizo bila neno, pingamizi huhesabiwa limekubaliwa. Akilikataa, unazo siku 30 nyingine za kukata rufani katika Baraza la Rufani za Kodi, lililowekwa na sheria ya mwaka 2013. Kutoka hapo waweza kwenda Mahakama Kuu, na kutoka Mahakama Kuu hadi Mahakama ya Rufani kwa jambo la sheria tu. Wako watu wenye pupa waliokimbilia Mahakama Kuu moja kwa moja. Sheria ya Utendaji wa Haki wa Serikali ya mwaka 2015 yamtaka hakimu amrudishe mtu kama huyo akapite kwanza njia zilizowekwa, isipokuwa awe na sababu ya pekee. Anaporudi, siku zake 30 zimekwisha kupita.

Akinyamaza, shauri ni jingine. Hapo waweza kuiomba Mahakama Kuu amri ya kumlazimisha mtumishi wa Serikali atimize wajibu wake. Lakini amri hiyo ina mpaka wake. Mahakama ya Rufani iliueleza mwaka 1997 katika shauri la Baraza la Mitihani na Gathenji, ambalo mawakili hulitaja hata leo: mahakama humlazimisha mtumishi atende kazi aliyopewa na sheria, wala haimfundishi aitende kwa namna gani pale sheria ilipomwachia uchaguzi. Kwa lugha ya sokoni ni kwamba, hakimu aweza kumwambia Kamishna, Amua. Si lazima amwambie, Lipa. Mtu akishinda kesi ya namna hiyo, yumkini akapewa uamuzi baada ya mwezi mmoja, na uamuzi wenyewe ukawa ni kukataliwa. Ndipo aanze tena na pingamizi. Nafuu ya lile neno la Bunge, kwamba kimya ni kukubali, ni kubwa hapa, kwa kuwa mtu aweza kusema mbele ya hakimu kwamba uamuzi umekwisha kupatikana na kilichobaki ni kulipwa.

Na kulipwa nako, ndugu zangu, kuna mlima wake. Mamlaka ya Mapato, iliyoanzishwa tarehe 1 Julai 1995, hukusanya fedha kwa ajili ya Serikali, hazikai kwake. Marejesho hulipwa kwa kadiri Hazina ilivyoyatengea fedha, na malimbikizo yametokea kwa sababu maombi yaliyokubaliwa yamezidi fedha zilizotengwa. Mtu asidhani kwamba hukumu itampeleka dalali kuuza meza na magari ya Serikali. Sheria ya Mashauri ya Serikali, sura ya 40, kifungu cha 21, imekataza mali ya Serikali isikamatwe kwa ajili ya deni. Mshindi hupewa hati ya hukumu, huipeleka kwa afisa mwenye dhamana ya fedha, na asipolipwa hurudi mahakamani kuomba afisa huyo alazimishwe. Ni safari ndefu. Sisemi haya ili kuwavunja moyo, bali mtu ajuaye urefu wa njia hubeba chakula cha kutosha.

Ipo njia fupi ambayo nashangaa wanachama hawaitumii. Sheria yamruhusu mtu aombe kwamba fedha alizozidisha zifidie kodi nyingine anayodaiwa au atakayodaiwa. Mwenye wafanyakazi hukata kodi katika mishahara yao kila mwezi na kuipeleka. Mwenye faida ana kodi ya mapato. Kuomba kufidiwa hakuhitaji Hazina itoe shilingi. Pia kifungu cha 55 cha Sheria ya Taratibu za Kodi chakubali pande mbili kusuluhishana nje ya Baraza na mahakama, na hilo kwa wazee wetu si somo geni.

Nilisema kwamba nitafungua kosa langu. Miaka sita iliyopita nilikuwa karani wa mfanyabiashara mmoja wa mji huu, na ombi la marejesho lilikuwa mikononi mwangu. Tajiri wangu aliniamini kwa sababu nilisoma shule ya misheni na mwandiko wangu ni mzuri. Ankara za wauzaji wawili hazikuwa na namba ya mlipa kodi, nami nikaona haya kuzirudisha kwa kuwa mmoja wao ni shemeji yangu. Nikaahirisha wiki, kisha mwezi. Nilipopeleka ombi, muda wa sehemu moja ya dai ulikuwa umepita, na ankara zile mbili zikakataliwa. Tajiri wangu alitaka kushitaki. Wakili alisoma faili kwa muda usiozidi nusu saa, akafunga, akamwuliza: utamshitaki Kamishna, au karani wako? Tajiri hakunifukuza. Aliniambia tu nikae na faili lile katika dawati langu, na hadi leo ninalo.

Nalitaja kwa sababu sheria yenyewe imeweka mzigo wa kuthibitisha juu ya mlipa kodi. Mbele ya Baraza si Kamishna atakayethibitisha kwamba amekosa. Ni wewe utakayethibitisha kwamba unadai. Mauzo ya nje huthibitishwa kwa hati za forodha na za usafirishaji, na malipo yaliyoingia benki. Kodi iliyozuiwa huthibitishwa kwa cheti cha wakala aliyeizuia. Kodi uliyotozwa huthibitishwa kwa ankara halali, na siku hizi ankara hutakiwa kupita katika mtambo wa Mamlaka, hivi kwamba muuzaji wako asipoitangaza, wewe ndiwe unayekataliwa. Hati zote zahifadhiwa miaka mitano, na kama kuna shauri, hadi shauri liishe. Ahadi aliyokupa mtumishi wa ofisi kwa mdomo, hata akiwa mtu wa kwenu, haina mahali pa kuwekwa katika faili.

Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, maoni yangu ni haya, na wanachama wana haki ya kuyakataa. Chama kishitaki, lakini kisianze kwa kumlipa wakili. Kabla ya mwezi wa tatu kila mwenye dai alete faili lake, lipimwe na watu watatu wanaojua hesabu: kwanza kama mtu ana haki ya kudai, pili kama hajapitwa na siku, tatu kama hati zimetimia. Faili lililoshindwa lirudishwe kwa mwenyewe na maelezo ya maandishi. Yaliyoshinda na yenye kodi nyingine ya kufidiwa yaombewe fidia. Katika yale yatakayobaki tuchague moja, lile lenye hati safi kuliko yote hata kama si lenye fedha nyingi kuliko yote, na akiba ya Chama isimame nyuma yake hadi Baraza na, ikilazimu, hadi Mahakama Kuu. Wengine wetu tutajua kwa hukumu ile moja kama na sisi tufuate.

Najua kijana aliyemjibu mzee siku ile angependa mafaili yote yaende kwa siku moja. Nimesoma hesabu za akiba yetu katika ukurasa wa mbele wa kitabu hiki. Haziwezi kubeba kesi kumi. Zaweza kubeba moja, na kama itachukua miaka miwili, zaweza kuibeba bila kugusa fedha za mazishi wala karo za watoto yatima, ambazo Halmashauri imekataa zisiguswe, na mimi naungana nayo.

Jambo la mwisho ni la tarehe. Wanachama watatu walinionyesha barua za kukataliwa. Moja ina siku kumi na moja tangu ipokewe. Mwenye barua hiyo asingoje kura ya leo. Zimebaki siku kumi na tisa, nami nitakuwa katika ofisi ya Chama kesho tangu saa mbili asubuhi kumsaidia kuandika pingamizi lake. Hizo nyingine mbili siku zimepita. Wenyewe nitaonana nao faraghani, kwa kuwa sheria yamruhusu mtu kuomba aongezewe muda akiwa na sababu ya haki, kama vile ugonjwa au safari ya nje ya nchi, na nitapenda kujua kama wanayo.